Pono: Mlalaji wa Usiku, Mfanyakazi wa Mchana

Watu wa pwani humwambia mtu alalaye sana kwamba ana usingizi wa pono. Wengi wa bara wamelisikia neno hilo, lakini hawajapata kumwona pono mwenyewe. Tena wako wamwonao sokoni kila siku wasiojua kazi aifanyayo baharini.

Pono hukaa katika bahari za joto, penye miamba ya matumbawe na majani ya baharini. Katika Kenya huonekana pwani yote, tangu Kiunga mpaka Vanga. Mwili wake ni mnene, na magamba yake ni makubwa. Aina nyingi huwa na urefu wa futi moja au mbili, lakini iko aina moja yenye nundu kipajini, ambayo huweza kupita futi 4 na kufikia uzito wa kilo 46.

Meno yake yameshikamana pamoja, yakawa kama mdomo wa kasuku. Kwa mdomo huo hukwangua mwani uotao juu ya mwamba, na mara nyingi chembe za mwamba hung’oka pamoja na chakula. Kooni mna meno mengine, ambayo husaga vyote viwili kama jiwe la kusagia nafaka. Chakula hubaki mwilini, na mawe yaliyosagwa hutoka yakiwa mchanga mweupe. Katika kisiwa kimoja cha Maldivi wataalamu walipima jambo hili, wakaona kwamba sehemu kubwa ya mchanga mpya hutoka kwa pono. Basi mtu akanyagapo mchanga wa namna hiyo, huenda anakanyaga kazi ya samaki huyu.

Rangi za pono ni za ajabu. Wachanga wengi ni wa rangi ya kahawia au kijivu. Katika aina nyingi jike aweza kugeuka akawa dume, na hapo huvaa rangi za kijani, buluu na waridi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa zamani walidhani kwamba dume na jike ni samaki wa aina mbili mbalimbali.

Jua likitua, pono hujificha katika mapango na nyufa za mwamba akalala. Aina nyingine hutoa ute kinywani, ukawafunika mwili mzima kama chandarua. Na kweli hufanya kazi ya chandarua, kwa maana huwazuia wadudu wa baharini wanyonyao damu. Lakini ute huo hauwezi kumzuia mwanadamu. Mvuvi apigaye mbizi usiku na taa aweza kuwachoma pono wengi katika saa chache, kwani hulala wasikimbie.

Hapo ndipo penye hatari. Mwani hukua upesi, na matumbawe hukua polepole sana. Tumbawe changa haliwezi kushika mahali palipofunikwa na mwani. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe yakafa. Mwamba uliopatwa na maafa kama hayo huwahitaji samaki wa kuusafisha, ili matumbawe mapya yapate mahali pa kuota. Pono wakiisha, mwani hutawala, na mwamba hudhoofika. Na mwamba ndio nyumba ya samaki wengine wengi, tena ndio ukuta uvunjao mawimbi yasile ufuo.

Kwa ajili ya kuhifadhi mali hiyo, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na humo hairuhusiwi kuvua. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvuvi wa juya na wa bunduki za kuchomea samaki. Juya hukokota wakubwa na wachanga pamoja, nalo huvunja matumbawe.

Si vibaya kumla pono. Nyama yake ni nzuri, na wazee wamemvua kwa malema tangu zamani. Lililo jema ni mvuvi kumrudisha majini aliye mchanga, kuacha kuwawinda waliolala, na kutumia malema yenye matundu mapana ili wadogo wapate kutoka. Mvuvi afanyaye hivyo huwawekea akiba watoto wake.