Matibabu ya Bure Huanzia Zahanati

Watu wengi wa mashambani humpitisha mgonjwa mlangoni pa zahanati wakimpeleka hospitali kuu ya kaunti, wakidhani kwamba penye jengo kubwa ndipo penye dawa. Hulipa nauli, hulipa ada, tena hungoja kutwa kwa homa ambayo muuguzi wa kijijini angaliweza kuitibu. Mbuzi huuzwa pasipo sababu.

Yafaa kujua habari hii ilivyoanza. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Desemba 1989 malipo yalirudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 yakapunguzwa kuwa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na Juni 2013 ada hizo zikafutwa. Hospitali kubwa hazikufutiwa ada zao, ila kwa akina mama wanaojifungua.

Tangu Oktoba 1, 2024, mpango wa bima umo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kujiandikisha ni bure, nako humpa mtu haki ya kutibiwa bila malipo katika zahanati na kituo cha afya cha Serikali. Kuchangia ndiko kunakosaidia gharama za kulazwa hospitalini. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Basi hata asiye na senti na ajiandikishe, kwa kitambulisho chake na simu, akibonyeza *147#. Asiyejua kutumia simu amwulize mhudumu wa afya ya jamii. Wahudumu wapatao 100,000 walipewa mikoba ya vifaa Septemba 2023, nao hupima shinikizo la damu na sukari nyumbani kwa mtu bila malipo.

Kweli, mara nyingine rafu za zahanati huwa tupu. Hapo mgonjwa aombe dawa iandikwe katika karatasi, akainunue katika duka lenye leseni. Akitakiwa fedha zahanatini, adai risiti. Asiyetaka kuitoa ana sababu yake. Chanjo za watoto na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Habari ya meno ni ngumu zaidi. Zahanati nyingi hazina daktari wa meno, naye hupatikana hospitali ya kaunti, kwa malipo. Lakini tabibu wa karibu aweza kutazama kinywa na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele, na barua hiyo huokoa safari za bure. Jino lenye tundu dogo huweza kuzibwa. Likiachwa mwaka mzima kwa vidonge vya kutuliza maumivu, huenda likalazimika kung'olewa. Kambi za matibabu zinapotangazwa barazani kwa chifu, yafaa kuuliza mapema kama daktari wa meno atakuwapo, na kama ataziba au atang'oa tu. Lakini mtu aliyevimba shavu akawa na homa, au asiyeweza kumeza, asingoje kambi wala barua. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.