KUCHA ZA SALUNI NYUMBANI, BILA KUJIDHURU



Harusi, Kipaimara au Komunyo ya Kwanza inapokaribia, akina mama na mabinti hupenda kucha zing'are kama za saluni. Si vibaya. Lakini sisi wauguzi huwapokea wenye kidole kilichovimba, kinachopwita na kutunga usaha, yaani mdudu wa kidole. Mara nyingi chanzo ni ngozi iliyokatwa kando ya ukucha.

Hatari iko wapi?

Ngozi nyembamba iliyo kwenye shina la ukucha ni kama kizibo: huzuia vijidudu visipenye. Ukiikata, umevifungulia mlango. Tena mkasi au wembe wenye damu, hata usiyoiona, waweza kumwambukiza mwingine homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi.

Tufanye hivi

1. Nawa mikono, toa rangi ya zamani. Dawa ya kutolea rangi hushika moto upesi. Usiitumie karibu na jiko wala kibatari.
2. Kata kucha bila kuchimba pembeni, kisha zilainishe kwa tupa.
3. Loweka vidole dakika 5 katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni.
4. Sukuma ngozi ya shina taratibu kwa kitambaa laini. Usiikate.
5. Kausha vizuri, paka rangi mara mbili, nyembamba. Ikikauka, paka mikono mafuta ya nazi.

Vifaa

Kila mtu awe na vyake. Mkasi wa chuma ukichangiwa, uoshwe kwa sabuni, kisha uchemshwe dakika 20 katika maji yanayotokota. Tupa ya karatasi haichemshiki, isichangiwe. Hata kijana anayepita nyumba kwa nyumba na kikapu cha rangi, mpe mkasi wako mwenyewe.

Tukumbuke

Mgonjwa wa kisukari asichokonoe kucha. Kidonda kidogo kwake huchelewa kupona. Anayekwenda kujifungua au kupasuliwa atoe rangi kwanza, kwani rangi ya ukucha hutuonyesha hali ya damu na hewa mwilini. Kidole kikivimba, usikitumbue; njoo zahanati mapema.

Maswali ya Jumuiya

1. Nyumbani kwetu, wembe mmoja hutumiwa na watu wangapi?
2. Tutawafundishaje mabinti zetu kabla ya sherehe ijayo?