Darsa: Zawadi za Wenye Vyeo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, darsa yetu ya leo ni juu ya jambo linalotugusa sote tukaao Wote, Waislamu na wasiokuwa Waislamu: mali ya umma kugawiwa kwa mkono wa mkubwa mmoja, kisha ikaitwa ukarimu wake.

Twaanza na Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Bani Sulaim. Aliporudi aliitenga mali mafungu mawili, akasema kwamba moja ni la Waislamu na la pili ametunukiwa yeye. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hizo zitamfuata huko.

Maulamaa wameitumia Hadithi hii kukataza zawadi anazopokea mtumishi kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya nchi nayo yakaribia hapo, kwani kifungu cha 76 cha Katiba ya 2010 kimeweka kuwa zawadi apewayo ofisa wa dola katika shughuli ya hadhara au ya kiserikali ni ya Jamhuri. Lakini sisi twataka kukigeuza kipimo hicho upande wa pili, maana dhara yetu haimo katika kupokea tu, imo katika kutoa. Mkubwa huyu agawaye basari, matangi ya maji na mabati, lau angekaa nyumbani kwa mama yake angevipata wapi?

Mambo haya si mapya. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, mbunge alipimwa kwa fedha alizoweka mezani siku ya harambee, wala watu hawakuuliza zilikotoka. Wazee wa Ukambani wakumbuka jinsi Katiba ilivyobadilishwa mwaka 1975 ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi, na aliyefaidika akawa Paul Ngei. Sheria ya taifa zima ilikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Mwaka 1988 wapiga kura wakapangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao, hata kila bwana akajua nani ni wake na nani si wake.

Mwaka 2003 ukaja mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge. Hatukatai kwamba umejenga madarasa mengi. Lakini fedha zake zilipita karibu mno na mkono wa mbunge. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria ya mfuko huo ya 2013 ilipingana na Katiba, ingawa mwaka 2015 Bunge lilikuwa limekwisha kutunga nyingine mahali pake.

Kisa kilicho karibu zaidi ni chetu wenyewe. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Wote ikawa makao makuu ya Makueni. Haukupita muda, Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti wakagombana juu ya bajeti, ugomvi ukakua hata Septemba 2014 risasi zikalia hapa mjini na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kuivunja serikali yao wenyewe. Tume iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga ilisikiliza shauri, ikapendekeza kaunti isimamishwe; Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015.

Tazameni vyema kilichogombewa. Hakikuwa dini wala kabila, maana pande zote mbili walikuwa watu wa hapa hapa. Kilikuwa ni kauli juu ya fedha. Katika miaka hiyo kaunti ilizidisha mikutano ya bajeti inayoanzia vijijini, wakazi wakataja wenyewe kama wataka kisima au zahanati, na wakachagua kamati za kuisimamia kazi. Hatusemi mikutano yote ilikuwa safi. Kijiji nacho kina wakubwa wake. Ila mtu aliyelitaja bwawa lake mbele ya jirani zake, likaandikwa, hawezi tena kuambiwa kuwa ni sadaka ya fulani.

Na sisi je? Waislamu wa huku ni wachache, na uchache umetufanya kuwa bei rahisi. Ramadhani ikiangukia karibu na uchaguzi twaletewa tende, magunia ya mchele na zulia la msikiti, kisha imamu huombwa amruhusu mgeni aseme maneno mawili baada ya sala. Hatujapata kumwuliza mgeni yeyote swali la nyumba ya mama yake.

Ndugu mmoja katika halaka alituuliza: mama mjane ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, akipewa basari na mkubwa, aikatae? Twamjibu: asikatae. Fedha ile ikiwa yatoka katika hazina, ni haki ya mtoto, wala kuipokea si dhambi. Lisilojuzu ni kumtaka mama yule kura yake au kiapo badala yake, na kiapo cha namna hiyo asikitoe. Tena ana haki ya kuuliza, yeye na jirani yake aliyekosa, majina ya wote waliopewa yabandikwe ukutani kwa chifu, pamoja na kiasi cha kila mmoja.