Elimu ya Ufundi: Kutia Laina Mpya katika Silinda ya Pikipiki ya Zamani

Kwa mtu akaaye vilimani Rabai, pikipiki ni chombo cha thamani. Barabara itokayo Mazeras kwenda Kaloleni ni ya lami, lakini njia nyingi ziingiazo vijijini ni za mchanga na vumbi, na gunia la nazi si mzigo mwepesi. Mwenye pikipiki ya zamani hana budi kujihadhari zaidi. Tutwae mfano wa BSA M20, ambayo majeshi ya Uingereza yaliitumia sana katika vita vya 1939 hadi 1945. Kiwanda chake kiliacha kuunda pikipiki katika miaka ya 1970, basi silinda ikiharibiwa na fundi asiyejua, kupata nyingine ni shida.

Silinda ni bomba ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Ringi za pistoni huzuia moto usipite chini na mafuta yasipite juu. Vumbi likipenya kwenye kabureta, huingia ndani na kusaga chuma kama msasa. Mahali panapolika zaidi ni karibu na juu, kwa kuwa huko joto ni kali na mafuta ni haba. Dalili zake ni moshi wa rangi ya buluu, mafuta kupungua upesi, na pikipiki kushindwa na kilima ilichokuwa ikikipanda bila taabu.

Kabla ya kutoa fedha, yafaa kupima. Tia ringi mpya ndani ya silinda, uisukume kwa pistoni ili ikae sawa. Pima mwanya ulio kati ya ncha zake, kwanza chini kabisa mahali pasipolika, kisha juu. Toa kipimo cha chini katika kile cha juu, na jibu uligawanye kwa 3.14. Kwa mfano, mwanya ukiwa umezidi kwa inchi 0.030, silinda imepanuka karibu inchi 0.010, na wakati wa kuichonga umefika.

Kwa kawaida silinda huchongwa kidogo na kutiwa pistoni iliyo kubwa zaidi. Lakini kuna mwisho wa kuchonga. Silinda ya M20 ni ya chuma kitupu, nayo ilitoka kiwandani bila laina. Ikisha kuchongwa hata pistoni kubwa kuliko zote haiifai tena, ndipo hutiwa laina, yaani bomba jembamba la chuma, ili irudie upana wake wa kwanza wa milimita 82.

Kazi hii yataka karakana yenye mashine ya kuchongea. Fundi hupanua silinda, lakini huacha tundu liwe dogo kuliko laina kwa inchi 0.002 au 0.003 hivi, ili laina ishikwe kwa nguvu. Juu hukata kidaraja cha kupokea ukingo wa laina, usije ukateleza chini. Kisha laina husukumwa kwa mashine ya kukandamiza. Asiipige nyundo, maana itapasuka au kupinda. Laina ikibanwa hujikaza kidogo. Kwa hiyo huchongwa kwa kipimo cha pistoni baada ya kuingizwa, wala si kabla.

Silinda ya alumini, kama zilivyo nyingi za bodaboda, ina njia nyingine. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Silinda ikipashwa moto katika tanuri, laina kuukuu hulegea, na mpya iliyopoozwa huingia kwa wepesi. Moto wa gesi upigao upande mmoja tu huipinda silinda.

Tena, injini zisizo na valvu, kama BSA Bantam, zina madirisha katika ukuta wa silinda. Madirisha ya laina yasipoelekeana nayo barabara, hewa na petroli hazipiti sawasawa, na pikipiki haitakuwa na nguvu.

Mwisho, ukuta wa ndani hupigwa kwa jiwe la kunolea mpaka uwe na mistari myembamba inayokatana, ambayo hushika mafuta. Silinda ioshwe kwa maji moto na sabuni hata kitambaa cheupe kipite bila kuchafuka, kisha ipakwe mafuta papo hapo isishike kutu. Unga wa jiwe ukibaki, utaila laina mpya kwa muda mfupi.

Kwa kilomita 800 za kwanza, mwendeshaji asiilazimishe injini, wala asipande kilima na mzigo mzito. Pistoni ikipata joto mno huganda ndani ya silinda, gurudumu la nyuma hukwama ghafula, na mtu aweza kuanguka. Naye asisahau kusafisha chujio la hewa, kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.