Muuguzi wa afya ya akili yuko wapi?

Ukikosa usingizi majuma mawili kwa ajili ya zamu za usiku, ukaanza kuogopa hata lango la kiwanda, yamkini utaenda zahanati iliyo karibu. Aghalabu utapewa dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa, kwani wahudumu wengi hawakufunzwa kuuliza habari za kazi yako.

Wajibu wa kuwafunza na kuwaajiri umegawanyika. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kitaifa husimamia sera na hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Mathari jijini Nairobi, nazo kaunti huendesha zahanati na vituo vya afya. Chuo cha KMTC hufunza wauguzi wa afya ya akili. Lakini baada ya kuhitimu, muuguzi huyo huweza kupelekwa wodi ya wazazi, ambako upungufu huonekana upesi. Kwangu mimi huo ni ufujaji wa elimu.

Mwajiri naye ana sehemu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka awafunze wafanyakazi wake, na penye watu 20 au zaidi, aunde kamati ya usalama na afya. Nyingi huishia kwenye helmeti na mitungi ya kuzimia moto! Mwambie mwakilishi wenu aulize pia kuhusu zamu na matusi ya wasimamizi. Nawe ukifika zahanati, mtajie mhudumu kazi unayofanya hata asipouliza, na umwombe barua ya rufaa kwa kliniki ya afya ya akili.