Nyumba ni ya Nani? Somo la Kununua na Kuuza Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha riba. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Nyumba ni katika neema kubwa za Mwenyezi Mungu juu ya waja wake, kwani ndiyo sitara ya mtu na ya ahali zake. Na mtu wa kawaida huinunua mara moja katika umri wake, kwa akiba ya miaka mingi. Akikosea, hana tena cha kununulia nyingine. Kwa hiyo yampasa Mwislamu ajifunze hukumu za kuuziana kabla ya kutoa fedha, wala asingoje kujifunza mbele ya hakimu.

Na haja ya somo hili imezidi kwa watu wa pwani. Reli mpya ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, mji ule ulikuwa kama jirani: mtu aweza kwenda asubuhi, akatazama nyumba, akarudi kwake jioni. Basi na tuchukue mfano wetu Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro, kwani mahali pale penyewe ni funzo. Palikuwa shamba la katani. Kisha Serikali ya Tanzania ikawapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, nao wakaanzisha shule yao mwaka 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Mwaka 1992 wakaikabidhi kwa Serikali, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Ardhi moja imepita mikono mitatu katika umri wa mtu mmoja. Basi mwenye kununua kiwanja au nyumba mahali popote, asiulize bei kwanza. Aulize: hii ni ya nani, naye aliipata kwa nani?

Masala ya kwanza: Muuzaji awe ndiye mwenye mali

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, kitu kinachouzwa hakina budi kiwe tahiri, chenye manufaa, chenye kuweza kukabidhiwa, chenye kujulikana, na kiwe milki ya muuzaji au ya yule aliyemfanya wakili au walii. Likikosekana moja katika haya matano, mauzo ni batili, hata zikihesabiwa fedha mbele ya watu mia.

Na mfano wake ni huu. Mtu wa pwani amepata habari ya nyumba Mazimbu, yauzwa shilingi milioni 40. Muuzaji ni kijana mwungwana, amezaliwa mle ndani, majirani wote wamjua. Mnunuzi akalipa, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Baada ya miezi miwili akaja mama mtu mzima, ameshika mkono wa binti wa miaka tisa, akasema: "Mwanangu, nyumba hii aliiacha marehemu mume wangu. Sisi hatukuuza."

Basi hesabu ni hii. Marehemu ameacha mjane, wana wawili wanaume, na binti mmoja. Baada ya gharama za maziko, na madeni, na wasia, mjane ana thumuni. Kilichobaki wagawana watoto, mwanamume hisa mbili na mwanamke hisa moja. Nyumba ikigawanywa mafungu 40, mjane ana 5, kila mwana mwanamume ana 14, na binti ana 7. Yule kijana alikuwa na mafungu 14 tu, naye ameuza 40. Kwa kauli yenye nguvu, mauzo yake yamesihi katika fungu lake na yamebatilika katika mafungu ya wenziwe 26. Na mnunuzi, kwa kuwa hakujua, ana khiyari: aivunje bei yote na kurudishiwa fedha zake, au akubali lile fungu kwa sehemu yake ya thamani, yaani milioni 14, awe mshirika wa watu katika nyumba yao. Zile milioni 26 kijana anazo dhimmani mwake, lakini dhima haimfai aliyelipa ikiwa fedha zimekwisha kuliwa.

Na jambo zito zaidi ni fungu la yule binti. Yeye ni yatima, na adhabu ya mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma imetajwa katika aya ya 10 ya Suratu Nnisaa. Hata walii wake hana ruhusa ya kuuza nyumba yake au ardhi yake ila kwa haja, kama chakula chake, au kwa faida iliyo wazi. Basi mnunuzi aliyeambiwa habari hii, kisha akanyamaza kwa kuwa anayo karatasi yenye muhuri, huyo si mdhulumiwa tena, amekuwa dhalimu.

Njia iliyo sawa ni nyepesi. Warithi wakutane, wamchague mmoja wao, na mahakama imthibitishe kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu wa Tanzania Bara shauri hili hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kisha auze kwa idhini ya walio baleghe, na fungu la mtoto lihifadhiwe. Naye mnunuzi aitake barua ya mahakama, na azione nyuso za warithi wote.

Pia muuzaji akiwa na mke, na nyumba ni ya kukaa wao, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza kuiuza bila ridhaa ya mke. Na vivyo hivyo mke kwa mume. Basi mnunuzi asitosheke na kuambiwa kuwa mke ameridhika, bali amsikie kwa kinywa chake na atie sahihi yake. Na mwenye kununua ardhi kando ya mji, kuelekea milima ya Uluguru, na akumbuke kuwa kwa mila ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mtu aweza kulima na kujenga mahali miaka mingi, na wajomba zake wakawa ndio wenye neno. Waulizwe nao.

Masala ya pili: Kujua kinachouzwa

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa amana. Auzacho mtu ni jengo lake pamoja na haki ya kuimiliki ardhi kwa muda, na hati hutolewa kwa miaka 33, au 66, au 99. Basi mnunuzi aulize imebaki miaka mingapi, na kodi ya ardhi imelipwa mpaka lini. Kisha aende kwa Msajili wa Hati afanye upekuzi, apate kujua jina lililoandikwa, na kama nyumba imewekwa rehani au imezuiliwa. Kwani iliyo rehani haiuzwi ila kwa idhini ya mwenye kuishika, na hili ni katika sheria ya dini kama lilivyo katika sheria ya Serikali. Na muhuri wa mtaa ni ushahidi wa majirani, si hati.

Na haisihi, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu, kununua nyumba ambayo hukuiona. Picha za simu hazitoshi. Aende mwenyewe au amtume wakili mwaminifu akaione, nayo ni kuona vyumba, na dari, na paa, na kuta, na chooni, na mahali papitapo maji machafu. Na aitazame wakati wa masika. Mto Ngerengere wapita upande ule, na mto hausahau njia yake. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na mipaka ipimwe majirani wakiwapo, kwani Mtume (s.a.w.) ameonya kuwa mwenye kudhulumu ardhi hata kadiri ya shubiri moja, atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba.

Masala ya tatu: Aibu ya nyumba

Muuzaji akijua aibu, kama ufa uliopakwa rangi, au maji yaingiayo chumbani, ni haramu kwake kuuza mpaka aibainishe. Na kila aijuaye ni wajibu amwambie mnunuzi, akiwamo dalali. Dalali ana haki ya ujira wake, lakini hana ruhusa ya kumleta mtu ajifanye anataka kununua ili bei ipande. Hiyo ndiyo najshi, nayo imekatazwa. Na mnunuzi akigundua aibu ya zamani, arudishe upesi. Akikaa kimya bila udhuru, haki yake imepotea.

Masala ya nne: Arabuni

Imezoeleka mnunuzi kutanguliza fedha kidogo, kwa sharti kuwa asipomaliza, zimepotea. Kwa Mashafii sharti hili ni batili, ijapokuwa Mahanbali wamelijuzisha. Kwetu mnunuzi akiacha, fedha zake zirudi. Mwenye kutaka nafasi ya kufikiri na ashurutishe khiyari isiyozidi siku tatu, na upekuzi wote aumalize kabla. Na wapatane mapema nani atalipa kodi na ushuru wa kuhamisha hati, maana katika hilo ndugu wengi wamegombana.

Masala ya tano: Maneno, maandishi na mashahidi

Muuzaji aseme, "Nimekuuzia nyumba hii kwa kadha," na mnunuzi aseme, "Nimekubali." Kisha iandikwe. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika aya ya 282 ya Suratul Baqara kuandika deni na kushuhudisha wakati wa kuuziana; na wanavyuoni wengi wamesema ni sunna, lakini sheria ya nchi yataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, na hati ihamishwe kwa jina la mnunuzi. Wahenga nao wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bei itajwe ile ile iliyolipwa. Kuandika ndogo ili kukwepa kodi ni uongo, na wenye kuushuhudia wameshiriki.

Khatima

Mtu akiona nyumba nzuri kwa bei ndogo mno, na muuzaji ana haraka, na asimame aulize mara ya pili: ni ya nani? Yuko wapi mama? Wako wapi dada zake? Kukosa nyumba ni hasara ya siku moja. Kulala chini ya paa la yatima ni hasara ya dunia na akhera, na sala ndani ya nyumba ya kughusubu haina thawabu hata ikisihi. Mwenyezi Mungu aturuzuku makazi ya halali hapa, na makazi ya kudumu Peponi. Amin.

Wallahu aalam.