Nimeomba, wivu hauondoki

Swali: Mwenzangu amechaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya yetu, nafasi niliyoitamani. Siwezi kufurahi naye. Nifanye nini?

Jibu: Soma 1 Samweli 18 bila haraka. Mfalme Sauli alisikia wanawake wakimwimbia Daudi sifa kubwa kuliko zake, na tangu siku hiyo akawa anamtazama kwa jicho baya, hadi akamrushia mkuki. Yonathani, mwana wa Sauli, alikuwa na mengi ya kupoteza, maana ufalme ulitarajiwa kuwa wake. Hata hivyo alivua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Basi kukosa peke yake hakuzai husuda. Husuda hukua kwa kumchunguza mwenzako kama mpinzani, na hudhoofika unapompa kitu chenye thamani kwako.

Utasema huo ni unafiki, kutenda wema huku moyo umechacha. Sivyo. Mnafiki hutenda ili adanganye watu; wewe unamtii Mungu ambaye tayari umemweleza uchungu wako, kama Asafu alivyokiri wivu wake katika Zaburi ya 73 (na alikuwa mwimbaji wa hekaluni, si mpagani). Wengine watakwambia uombe tu, usubiri moyo upoe. Maombi ni lazima, lakini kungoja hisia ibadilike kwanza ni kuipa husuda muda wa kuota mizizi. Wiki hii mpelekee mwalimu wako mpya daftari lako la nyimbo, na umsaidie kufundisha sauti unayoijua vizuri.